Wati Elfu Kumi, Mvua na Bati

Boksi la hom thieta lililopangwa mbele ya duka la vifaa vya umeme Tunduma, mkoani Songwe, huwa na namba moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote: wati 10,000 P.M.P.O. Namba hiyo ndiyo inayouza. Tuipige hesabu. Plagi yetu ya pini tatu hubeba fyuzi isiyozidi ampea 13, na umeme wa Tanzania, sawa na wa Zambia ng'ambo ya mpaka, ni volti 230. Ukizidisha unapata takribani wati 3,000. Zaidi ya hapo fyuzi inakatika, iwe umechomeka pasi, jiko au redio. Na hakuna redio inayoweza kutoa mfululizo nguvu ambayo haikuipokea. Igeuze usome kibandiko cha nyuma. Ikiwa kimeandikwa wati 80, basi spika zote kwa pamoja zitagawana pungufu ya hizo 80.

P.M.P.O. ni kilele cha kufumba na kufumbua, na kila kiwanda hukipima kipendavyo. Kipimo cha kuulizia ni RMS, nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa bila kupumzika. Hata hizo wati za kweli zisikutoe roho. Kutoka wati 50 hadi 100 sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Ili usikie kana kwamba sauti imekuwa maradufu unahitaji nguvu mara kumi. Sebule ya kawaida ya Vwawa au Mlowo inatoshwa na wati chache mno. Wanaonunua wati nyingi wanalipia kitu ambacho chumba chao hakikihitaji, na kile kinachofanya sauti ikuzunguke hawakipati.

Kinachofanya sauti ikuzunguke ni tofauti ndogo za muda. Mwaka 1907 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alieleza namna tunavyojua sauti inatoka wapi: sauti ya upande wa kulia hufika sikio la kulia kwanza, na la kushoto baadaye kidogo. Hewani sauti hukimbia mita 343 kwa sekunde, joto likiwa nyuzi 20, kwa hiyo tofauti hiyo haivuki sana sehemu saba za elfu kumi za sekunde. Ubongo unaisoma bila taabu. Mwaka 1931 mhandisi Alan Blumlein aliomba hataza ya stereo akitumia elimu hiyo hiyo. Mfumo wa spika tano na sabufa ulikuja kuenea kwenye filamu kupitia Dolby Digital, kuanzia mwaka 1992.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Redio yenye spika tano si lazima iwe na sauti tano. Ikiwa inaunganishwa na runinga kwa waya mwekundu na mweupe peke yake, ndani ya nyaya hizo mnapita sauti mbili tu, kushoto na kulia, na redio nyingi za bei nafuu huzirudufisha kwenda kwenye spika zote. Risiva ya kweli ya hom thieta ina tundu la HDMI lililoandikwa ARC, au tundu la waya wa mwanga, na ndani yake mna chipu inayoifumbua Dolby Digital au DTS. Nenda dukani na flashi yenye filamu iliyorekodiwa kwa mfumo huo, kisha simama karibu na spika ya nyuma waigizaji wanapozungumza. Ikiwa na yenyewe inazungumza maneno yale yale, hiyo ni stereo iliyogawiwa mara tano.

Kwa watu wa Songwe spika yenye thamani kuliko zote ni ile ya katikati, inayokaa chini ya runinga. Sababu ni mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hupiga bati kwa kelele inayofunika sauti nyembamba na nene kwa pamoja. Katika maneno, irabu zina nguvu. Konsonanti kama s, f na t ni dhaifu, nazo ndizo zinazozama kwanza. Mtu anaongeza sauti yote, milipuko nayo inapanda, ukuta unatetemeka, mtoto anaamka, na mazungumzo bado hayaeleweki. Kwenye mfumo wa spika tano mazungumzo karibu yote hupitia spika ya katikati, hivyo unaingia kwenye mpangilio wa risiva na kuipandisha hiyo peke yake desibeli 3 au 4. Nimesikia tofauti hiyo chini ya mvua kubwa, na kwangu hiyo pekee inatosha kuhalalisha bei ya risiva. Hata filamu zilizotafsiriwa, mtindo tuliouzoea tangu enzi za mtafsiri wa filamu Lufufu, zinafaidika: sauti ya mtafsiri kwa kawaida iko sawa kushoto na kulia, na mfumo wa Pro Logic hukipeleka katikati kila kinachofanana pande zote mbili.

Spika mbili za mbele zikae kila moja nyuzi 30 kutoka katikati, za nyuma kidogo nyuma ya mabega yako. Iambie risiva umbali wa kila moja. Kila sentimita 34 ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, nayo itachelewesha zile za karibu ili zote zifike pamoja. Waya mwekundu wa kila spika uende kwenye tundu jekundu. Ukigeuza nyaya za spika moja, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi inayeyuka. Mafundi hugusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye nyaya na kutazama koni: ikitoka nje, chanya iko mahali pake.

Sabufa ina tabia yake. Wimbi la mitetemo 40 kwa sekunde lina urefu wa mita 8.6, na chumba cha mita 4.3 chenye kuta za tofali linakigawa nusu kwa nusu: ukutani besi inanguruma, katikati karibu haipo. Zulia na pazia hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba, ila hazizuii wimbi refu hivyo. Weka sabufa juu ya kochi unalokalia, cheza wimbo wenye besi, kisha tambaa pembezoni mwa chumba ukisikiliza. Pale besi inaposikika imetulia, iweke hapo.

Ukiletewa risiva iliyokwisha kutumika, soma volti kabla ya kuchomeka. Ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa 120, na soketi yetu itaiunguza papo hapo isipopitia transfoma ya kushusha. Iliyo sahihi iwekee stabilaiza. Umeme ukikatika, chomoa plagi, na ukirudi ngoja dakika chache utulie ndipo uiwashe.