Kwa nini fulana nyeusi bei imepanda

Wengi mmetuuliza mbona kuchapa fulana nyeusi kumekuwa ghali. Hatuwafichi: tulikula hasara kwa kukisia wino.

Timu ya mpira ilituletea fulana 40 nyeusi, maandishi meupe. Kopo la kilo moja tulinunua shilingi 30,000, yaani gramu moja ni shilingi 30. Kwenye fulana nyeupe tulizoea gramu 10 hivi, basi tukahesabu shilingi 300 kila moja, tukakubaliana bei. Kumbe nguo nyeusi inameza rangi! Ukipitisha wino mweupe mara moja unatoka kijivu. Lazima ukaushe kidogo, upitishe tena. Kopo zima likaisha: gramu 25 kila fulana, shilingi 750. Tukapoteza 18,000, na hizo ndizo zilikuwa za madaftari ya watoto.

Sasa tunaazima mizani ya muuza dagaa. Tunapima kopo, tunachapa fulana 10, tunakwangua wino uliobaki kwenye fremu na kuurudisha koponi, ndipo tunapima tena na kugawa kwa 10. Usipokwangua, hesabu inadanganya. Fulana ya kuharibika (haikosi!) nayo tunaihesabu.

Hata mashine za mjini zinazochapa moja kwa moja kutoka kompyuta hutandika mweupe kwanza kwenye nguo nyeusi, na zikisafishwa zinamwaga wino mwingine.

Mwenye kazi alete siku mbili mapema, tupime kwanza kabla hatujamtajia bei.