Chombo cha maziwa kinachofukizwa

Moshi unaonukia katika ua mmoja wa mtaa wa Iftin, mjini Garissa, si wa jikoni. Mama anafukiza dhiil, chombo cha maziwa cha Wasomali. Hukifuma kwa nyuzi za mizizi na magome, akizikaza hata maziwa yasivuje, kisha hukitia kijinga cha moto. Moshi hupunguza vijidudu na kuyapa maziwa ya ngamia ile ladha ambayo wenyeji hawaisahau.

Lakini maziwa yaendayo Eastleigh, Nairobi, husafiri kwa mitungi ya plastiki, myepesi na rahisi kununua. Nani atangoje kazi ya siku nyingi?

Nilimuuliza mama kama bintiye anajua kufuma. Bado, akasema, ana mitihani. Shule zikifungwa ataanza na kifuniko.