Kioo Kilichopikwa na Mlima

Wajukuu zangu, huko Marekani, katika jimbo la Oregon, kuna vilima viitwavyo Glass Buttes. Viko katikati ya nyika kame, kando ya barabara kuu namba 20, kati ya miji ya Bend na Burns. Ukishuka garini huoni cha ajabu: vichaka vya kijivu, vumbi na upepo. Ngoja jua litoke mawinguni. Ardhi nzima inametameta! Unakanyaga kioo, na hakuna kiwanda kilichokitengeneza.

Mamilioni ya miaka iliyopita, volkano ilitapika pale lava yenye silika nyingi, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga na vioo vya madirisha. Kwa kawaida lava ikipoa taratibu, chembe zake hupata muda wa kujipanga na kuwa fuwele. Ndiyo maana mawe mengi yana punjepunje. Lava ya Glass Buttes ilikuwa nzito mno, tena ikapoa upesi. Chembe ziliganda palepale zilipokuwa, kama watoto mchezoni muziki unapokatika. Jiwe hilo huitwa obsidiani.

Haya, tuokote. Msiyakimbilie mawe meusi matupu, yamejaa tele. Chukua bonge lililopauka, ligonge pembeni kwa nyundo, kisha uligeuze juani polepole. Jeusi tii. Geuza kidogo tena: mng'ao wa dhahabu unapita ndani yake, halafu haupo! Lava ilipokuwa ikitiririka, vipovu na chembe ndogo sana vilijipanga matabaka, navyo hurudisha mwanga kwa pembe fulani tu. Mengine yana rangi za upinde wa mvua. Fundi akilikata jiwe bila kujua matabaka yamelalia upande gani, rangi yote hupotea. Yapo pia ya kahawia, yenye chuma kilichoshika kutu. Wengi huyapita, mimi ndiyo niyapendayo.

Ila kabla ya kugonga, vaeni miwani ya kinga na glavu nene. Kibanzi kinachoruka kina makali kushinda wembe, na matairi ya magari huchanika pale. Watu wa kale waliyatafuta makali hayohayo. Kule Olorgesailie, Kenya, yapata miaka 300,000 iliyopita, walitumia obsidiani iliyotoka umbali wa kilomita 25 hadi 95, na gari halikuwapo! Wenyeji wa asili wa Oregon nao walichonga vichwa vya mishale kwa obsidiani. Mkikuta kimoja, kitazameni mkiache. Sheria hairuhusu kukichukua.

Mawe ya kawaida kwenye ardhi ya umma mnaweza kuchukua, kiasi cha matumizi yenu, si ya kuuza. Tazameni ramani kwanza, maana sehemu nyingine zina vibali vya wachimbaji binafsi. Na mkichimba shimo, lifukieni: ng'ombe hulishwa huko, na mguu wa ng'ombe hauchagui pa kutumbukia.