Gitaa la Stima na Mkono Wake wa Kutikisa Sauti

Hakuna jioni ya Jumamosi katika mitaa ya Eastlands ya Nairobi, tangu Kaloleni na Makongeni hata Jericho na Ofafa, ambayo mtu hatasikia gitaa la umeme likilia mahali fulani: kanisani ambako vijana wanafanya mazoezi ya ibada ya kesho, ukumbini penye arusi, au katika redio ya jirani asiyejali kwamba wengine wana watoto wachanga. Wazee wetu waliliita gitaa la stima, na jina hilo lingaliko. Lakini ukiwauliza wengi wanaolisikia, na hata baadhi ya wale wanaolipiga, sauti ile yatoka wapi, na ule mkono wa chuma uliochomoza karibu na mahali nyuzi zinapofungwa ni wa kazi gani, hupati jibu la kutosha. Basi mwenye kutaka kununua gitaa la namna hiyo, au mwenye mtoto anayemsumbua amnunulie, yafaa ajue kwanza anatoa fedha zake kwa kitu gani.

Gitaa la kawaida lina tumbo lililo wazi ndani. Uzi ukipigwa, ubao mwembamba wa mbele hutetemeka pamoja nao, na hewa iliyomo tumboni huikuza sauti. Vijana wengi wa nchi hii walijifunza kwa njia hiyo hiyo bila kuingia dukani: walitwaa debe, wakalipigilia ubao uwe shingo, na waya za breki za baisikeli zikawa nyuzi. Debe hilo lilitosha kwa watu kumi walioketi barazani. Katika ukumbi wenye watu mia mbili wanaocheza, hata gitaa zuri la dukani halisikiki.

Gitaa la umeme halitegemei tumbo. Chini ya nyuzi zake zimewekwa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara elfu kadha wa kadha. Wapigaji hukiita kifaa hicho pikapu, wala hakihusiani na gari la kubebea kabichi. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku huamsha nguvu ndogo ya umeme katika waya, na nguvu hiyo hupelekwa kwa kamba hata kwenye amplifaya, ambayo huikuza na kuitoa katika spika. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazitoi sauti yo yote katika gitaa hili. Sumaku haina habari nazo.

Mwanzoni watu walitia sumaku katika magitaa yale yale yenye tumbo. Tatizo likaja: sauti ya spika hulirudia tumbo la gitaa, tumbo hutetemeka, sumaku huchukua mtetemo huo na kuupeleka tena kwenye spika, na ukumbi mzima hujaa mlio mkali wa kuumiza masikio. Dawa yake ilikuwa kuliondoa tumbo kabisa. Yapata mwaka 1940 mpigaji wa Marekani aitwaye Les Paul alijitengenezea gitaa ambalo kiini chake kilikuwa gogo la mti lisilo na uwazi. Miaka 10 baadaye, mwaka 1950, Leo Fender wa California alianza kuuza gitaa la ubao mzima kwa watu wote, na mwaka 1954 akatoa lile lililopata sifa kuliko yote, liitwalo Stratocaster, lenye pikapu tatu na mkono wa kutikisa sauti. Makarani wenzangu watafurahi kusikia kwamba Bwana Fender alikuwa mtu wa vitabu vya hesabu kabla ya kufungua duka la kutengeneza redio, na kwamba mpaka anafariki mwaka 1991 hakupata kujua kupiga gitaa.

Sasa tuutazame ule mkono. Katika Stratocaster, nyuzi zimefungwa kwenye daraja la chuma ambalo halikukazwa moja kwa moja ubaoni, bali limeegemea skrubu sita kama mlango uegemeavyo bawaba. Nyuma ya gitaa, chini ya kifuniko cha plastiki, zimo springi zinazovuta upande wa pili. Zaweza kufika tano. Nyuzi sita zilizokazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi, na springi nazo huvuta kwa kiasi hicho hicho, hata daraja linatulia katikati kama mizani. Mpigaji akiubonyeza mkono, nyuzi hulegea na sauti hushuka. Akiuachilia, springi hulirudisha daraja mahali pake. Akifanya hivyo upesi upesi, sauti hutikisika kama ya mwimbaji mwenye koo jepesi. Kabla ya Fender alikuwapo fundi mwingine wa California, Paul Bigsby, aliyebuni mkono wa namna nyingine wenye mti wa chuma unaozunguka na springi moja nene, na huo nao ungali ukitengenezwa. Bwana Fender aliuita mkono wake kwa jina lenye maana ya kuongeza na kupunguza nguvu ya sauti, hali kazi yake ni kupandisha na kushusha tuni. Kosa hilo limebaki katika vitabu vya wauzaji hata leo.

Hapa kwetu gitaa la umeme halikuja na mitumba ya juzi. Marehemu Fundi Konde, mzaliwa wa Pwani aliyewatumbuiza askari wa Keya huko Uhindi na Burma wakati wa Vita Vikuu vya Pili, hutajwa kuwa ndiye wa kwanza kulipiga katika nchi ya Kenya. Nyimbo alizozitia katika sahani tangu mwaka 1947 hata 1956 zilikusanywa tena mwaka 1994, na mwenye kuzisikiliza atajionea jinsi alivyolipiga kwa utulivu, kila noti ikiwa na nafasi yake. Katika wimbo wake mmoja mashuhuri alikula kiapo cha kutokwenda tena Majengo, mtaa ambao msomaji wa Pumwani hahitaji kuelezwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walifika Nairobi mafundi wa Katanga, Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo, ambao kwa kidole gumba na cha shahada tu walifanya gitaa moja lisikike kama mawili. Kisha, miaka ya 1960, likaja twisti. Katika Equator Sound walikuwamo Fadhili William na Daudi Kabaka, pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia, na magitaa yao ya stima yakawachezesha watu wa kila mtaa. Wimbo wa Kabaka uitwao Helule Helule ulivuka bahari, na mwaka 1968 kikundi cha Tremeloes cha Uingereza kikauimba.

Lakini ule mkono wa kutikisa haukupata kuwa sauti ya muziki wetu. Benga, iliyoshika nguvu kuelekea mwisho wa miaka hiyo kwa watu kama D. O. Misiani wa Shirati Jazz, iliufundisha uzi wa gitaa kusema kama nyatiti yenye nyuzi nane: noti fupi, kavu, zinazofuatana mbio. Kwa maoni yangu mchezo huo hautaki kutikiswa. Mtetemo wake umo katika vidole, na mpigaji wa benga mwenye mkono wa chuma gitaani ni kama mtu aliyebeba mwavuli mwezi wa Januari. Vijana wa makanisa hawakubaliani nami, kwa kuwa nyimbo wanazozipenda wao zina sehemu za polepole ambako noti moja hushikwa kwa muda mrefu, na hapo mkono ule hupendeza kweli.

Hapo ndipo ilipotokea shauri ambalo niliombwa kuliandikia kumbukumbu. Vijana wa kanisa moja la mtaani kwetu walichanga kwa muda wa miezi saba wakanunua gitaa jekundu, jipya, lililotengenezwa kwa sura ya kale: shingo iliyopakwa rangi ya asali kana kwamba imekaa miaka sitini, daraja la skrubu sita, na mkono. Siku ya arusi ya kwanza, bibi arusi akiwa mlangoni, uzi mmoja ulikatika. Katika gitaa lenye daraja lisilosogea, mpigaji angeendelea na nyuzi tano zilizobaki. Katika gitaa hili mizani iliharibika: springi zilizidi nguvu, zikalivuta daraja nyuma, na nyuzi zote tano zikapanda sauti kwa pamoja. Bibi arusi aliingia kwa ngoma na makofi.

Jumatano iliyofuata wazee waliita mkutano. Mtunza hazina alitaka gitaa liuzwe mara moja, fedha zirudi katika mfuko wa mabati. Mama mmoja aliuliza, kwa haki, kwa nini watoto walinunua kitu wasichokijua. Kijana mpigaji hakusema neno; alikuwa ameuza simu yake kukamilisha mchango, na jambo hilo wengi wetu tulilisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Aliyetuokoa ni mzee wa zaidi ya miaka 80, mstaafu wa reli, ambaye ujanani mwake alipiga gitaa katika kumbi za mitaa hii. Aliomba bisibisi, akafungua kifuniko cha nyuma, akakaza skrubu mbili zinazoshikilia springi mpaka daraja likalala juu ya ubao. Kisha akachonga kipande cha mti mgumu akakipachika nyuma ya bonge la chuma ili daraja lisisogee tena upande wo wote. Akaukata uzi mmoja makusudi mbele ya wazee. Nyuzi tano zilibaki na sauti zao. Iliamuliwa gitaa lisiuzwe, na mkono ufunguliwe uwekwe katika sanduku la hazina pamoja na kitabu cha risiti, uamuzi ambao kijana yule hakuufurahia, na sidhani kwamba ameukubali hata sasa.

Asiyetaka kuufunga mkono wake afuate masharti. Atie nyuzi za unene ule ule kila mara, maana zilizo nene zaidi zitalivuta daraja mbele. Azinyoshe kwa mkono zikiwa mpya, kisha azipatanishe tena, mara tatu au nne. Mahali uzi unapopita juu ya shingo, katika kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifuo, asugue risasi ya penseli. Mara nyingi gitaa lisilorudi katika sauti yake linanaswa hapo, wala si kosa la springi. Waishio Mombasa wajue kwamba hewa ya chumvi huzila springi kutu, wazitazame mara kwa mara.

Kuhusu ununuzi, neno la mtindo wa kale lisimdanganye mtu. Magitaa ya asili yaliyotengenezwa tangu 1954 hata Januari 1965, Bwana Fender alipoiuza kampuni yake kwa dola milioni 13, ni mali ya matajiri na watunza hazina za kale. Akikujia mtu karibu na Gikomba akisema analo moja na atakuuzia kwa bei ya baisikeli, ama limeandikwa jina lisilo lake, ama lina mwenyewe anayelitafuta. Tangu mwaka 1982 kampuni yenyewe imekuwa ikitoa mapya yenye sura ya zamani, kwanza Marekani na Japani, na baadaye viwanda vya Meksiko, China na Indonesia vikaingia katika kazi hiyo. Haya ya bei nafuu si mabaya. Litazame shingo kwa jicho moja toka mwisho hata mwisho, kama seremala atazamavyo ubao, nawe ulikatae likiwa limepinda upande.

Limebaki jambo la stima yenyewe, na hili ni zito kuliko yote niliyoyataja. Umeme wa Kenya ni volti 240. Amplifaya iliyoletwa kutoka Marekani na ndugu aliyesafiri huwa ya volti 120 hivi. Ukiichomeka bila kipunguza umeme itaungua palepale. Kadhalika, nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na waya wa ardhi wa amplifaya. Ikiwa waya huo haufanyi kazi, au maikrofoni ina kasoro, mpigaji anayegusa vyote viwili huwa yeye ndiye njia ya umeme. Tarehe 3 Mei 1972, katika mji wa Swansea huko Wales, Les Harvey, mpigaji gitaa wa kikundi cha Stone the Crows, aliigusa maikrofoni mbele ya watu akafa. Katika kumbi zetu nyingi mwimbaji hulalamika kwamba maikrofoni inamuuma midomo, nao wenzake hucheka na kuifunga kitambaa.

Vijana niliowataja, baada ya kusomewa habari hiyo, walimwita fundi wa stima siku ya Ijumaa. Katika soketi nne za ukumbi, mbili hazikuwa na waya wa ardhi kabisa, na ile ya jukwaani ilikuwa mojawapo.