Mama wa mapokezi aliyechagua vibao vya Marekani

Mwaka 1963 mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka 23 alianza kibarua katika kituo cha redio mjini Windsor, Kanada. Kazi yake ilikuwa kukaa mapokezi, kukaribisha wageni na kuunganisha simu. Ni kazi ambayo watu hupita mbele yake bila hata kutazama nani ameikalia.

Miaka mitano baadaye wanaume wenye suti kutoka kampuni kubwa za santuri za Marekani walikuwa wakipanga foleni kumsubiri yeye. Akisema wimbo unafaa, unapigwa na mamilioni wanausikia. Akikataa, wakala anabeba santuri zake na kurudi alikotoka.

Jina lake ni Rosalie Trombley, na kituo ni CKLW, maarufu kwa jina la The Big 8 kwa sababu kilipatikana kwenye masafa ya AM 800. Kwa waliokuwa vijana kandokando ya Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini miaka ya 1960 na 1970, kutaja kituo hicho ni kutaja ujana wao wenyewe.

Mji mdogo, sauti kubwa

Windsor ni mji wa viwanda vya magari. Miaka ya mwanzo ya 1970 ulikuwa na wakazi wapatao 200,000 tu. Ng'ambo ya mto, umbali wa kuonana kwa macho, lipo jiji la Detroit, Marekani, ambalo wakati huo lilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.5. Miji hiyo miwili imeunganishwa kwa daraja na kwa njia ya chini ya mto, na kwa miaka mingi watu wamekuwa wakivuka kwenda kazini, kununua vitu na kutembeleana.

Kituo kilianza kurusha matangazo mwaka 1932, na mwaka 1949 kilipata mitambo yenye nguvu ya wati 50,000. Mawimbi ya AM yana tabia yake: mchana huenda mwendo wa wastani, lakini jua likizama hudundwa na tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali sana. Hivyo kijana wa Ohio au Pennsylvania aliyekuwa amelala na redio ndogo ya transista chini ya mto aliweza kuusikia mji wa Windsor kama vile upo mtaa wa pili.

Aprili 1967 CKLW ilibadili mtindo kwa kufuata mfumo wa Bill Drake, mtaalamu wa redio wa Marekani. Watangazaji waliambiwa wapunguze maneno. Wimbo ukiisha, sauti fupi ya kuimba jina la kituo inaingia, kisha wimbo mwingine. Hakuna kimya, hakuna hadithi ndefu. Katika muda wa miezi michache tu kituo cha mji mdogo wa Kanada kilikuwa kinaongoza kwa wasikilizaji katika jiji kubwa la Marekani.

Julai mwaka huohuo Detroit iliwaka moto. Ghasia zilizotokana na chuki ya rangi na ukatili wa polisi ziliua watu 43, na wakazi wa Windsor walisimama ukingoni mwa mto wakitazama moshi. Weusi na weupe walikuwa wakiishi mitaa tofauti, wakiogopana. Lakini katika nyumba za pande zote mbili redio ilikuwa imefunguliwa kituo kilekile, kikipiga Beatles, kisha Supremes, kisha Four Tops.

Sikio la dhahabu

Rosalie alizaliwa mwaka 1939 katika mji wa Leamington, si mbali na Windsor. Kutoka mapokezi alihamishiwa kwenye maktaba ya santuri, na mwaka 1968 akapewa ukurugenzi wa muziki. Ilikuwa kazi ya wanaume. Wakati huohuo nyumbani alikuwa na watoto watatu, na ndoa yake ilipovunjika aliwalea peke yake. Mshahara wa redio ndio uliolipa kodi ya nyumba na viatu vya shule.

Mbinu yake haikuwa siri. Alifuatilia maduka ya santuri kujua kipi kimenunuliwa wiki hiyo na kilinunuliwa na nani. Alifuatilia simu za wasikilizaji waliopiga kuomba nyimbo. Alitazama pia vituo vya watu weusi vya Detroit vinapiga nini, kwa sababu alijua wimbo ukipendwa mtaa mmoja utavuka kwenda mwingine kama kuna mtu wa kuuvusha. Baada ya hapo ndipo alipoketi na santuri yenyewe na kuisikiliza. Watu wa muziki wakampa jina la msichana mwenye sikio la dhahabu.

Mfano unaosimuliwa hadi leo ni wa Elton John. Albamu yake ya mwaka 1973, Goodbye Yellow Brick Road, ilikuwa na nyimbo nyingi, na yeye mwenyewe alitaka Candle in the Wind ndio utolewe kama santuri ya peke yake. Rosalie aligundua kuwa wasikilizaji weusi wa Detroit wameupenda wimbo mwingine kabisa, Bennie and the Jets. CKLW ikaanza kuupiga kutoka kwenye albamu, na simu za kuuomba zikamiminika. Elton John alikuwa na shaka, lakini alikubali. Aprili 1974 wimbo huo ulishika namba moja kwenye chati ya Billboard ya Marekani, na ukaingia pia kwenye chati ya muziki wa watu weusi, jambo ambalo mwanamuziki huyo Mwingereza hakulitarajia.

Umaarufu wake ulifika mahali ambapo Bob Seger, mwanamuziki wa Michigan, alimtungia wimbo wenye jina lake, Rosalie, mwaka 1973. Miaka miwili baadaye kundi la Thin Lizzy la Ireland likaurudia.

Sheria iliyogeuka baraka

Mwaka 1971 serikali ya Kanada iliamuru vituo vyote vya AM vihakikishe asilimia 30 ya nyimbo zao ni za Wakanada. Kwa vituo vingi ulikuwa mzigo. Kwa CKLW ulikuwa mzigo mara mbili, maana wasikilizaji wake wengi walikuwa Wamarekani ambao sheria hiyo haikuwahusu, na wangeweza kuhamia kituo kingine kwa kugusa kitufe tu.

Rosalie alilazimika kutafuta nyimbo za nyumbani ambazo hata jirani wa ng'ambo angezipenda. Mapema zaidi alikuwa amelisukuma kundi la The Guess Who la Winnipeg na wimbo wao These Eyes, uliovuma Marekani mwaka 1969. Baada ya sheria akaukuta Wildflower, wimbo wa taratibu wa kundi la Skylark la Vancouver. CKLW iliupiga kwa miezi mitatu kabla kampuni haijakubali kuutoa kama santuri ya peke yake. Mwaka 1973 ukaingia kumi bora za Marekani. Mpiga kinanda wa kundi hilo, David Foster, baadaye akawa mmoja wa watayarishaji wakubwa wa muziki duniani.

Kwa wanamuziki wa Kanada, mama huyu mmoja akawa mlango wa kuingilia Marekani.

Sikio lilipoondolewa

Mwishoni mwa miaka ya 1970 vijana walianza kuhamia FM, ambako muziki ulisikika safi zaidi bila mikwaruzo. Taratibu za Kanada ziliwekea FM masharti kuhusu kurudiarudia vibao vinavyotamba, wakati washindani wa Detroit walikuwa huru. The Big 8 ikaanza kupungukiwa na wasikilizaji, na fedha za matangazo zikafuata wasikilizaji walikokwenda.

Mwaka 1984 wafanyakazi wengi waliachishwa kazi na sehemu kubwa ya matangazo ikakabidhiwa kwa mitambo ya kujiendesha. Rosalie aliondoka mwaka huo. Kituo kikageukia muziki wa bendi kubwa za zamani. Kipo hadi leo kwenye AM 800, lakini ni cha habari na mazungumzo. Mtu akifungua sasa hivi hatausikia ujana wake pale.

Rosalie alifanya kazi kwenye vituo vingine vya Detroit na Toronto kabla ya kupumzika. Mmoja wa wanawe alifuata nyayo zake katika biashara ya muziki. Tangu mwaka 2005 kuna tuzo nchini Kanada yenye jina lake, inayotolewa kwa wanawake waliofungua njia katika redio. Alifariki Novemba 2021 akiwa na umri wa miaka 82, na mwaka 2023 mji wa Windsor ulimjengea sanamu ukingoni mwa mto, upande wa pili wa maji yaleyale ambayo sauti ya kituo chake ilikuwa ikiyavuka kila siku.

Waliokuwa vijana wakati ule sasa ni babu na bibi. Wanapokumbuka, wengi hutaja majina ya watangazaji, maana ndio waliosikika. Rosalie hakuwa akitangaza. Sauti yake haikuwa hewani, na msikilizaji wa kawaida hakujua kwamba wimbo alioucheza kwenye harusi yake ulipita kwanza kwenye meza ya mama mwenye watoto watatu wanaomsubiri nyumbani.

Karibu kila nyumba na kila ofisi ina mtu wa namna hiyo: anayepokea simu, anayejua nani anapenda nini, anayesikia malalamiko kabla ya wakubwa. Kituo cha Windsor kilipata bahati ya kumtazama vizuri aliyekaa mapokezi, kikamwita ndani. Ofisi nyingi bado zinampita kila asubuhi.