Herufi Tatu, Wenyewe Wawili

Alfabeti ya Kilatini ina herufi 26. Mtu akiunda vifupisho vya herufi tatu, kila herufi ikiruhusiwa kujirudia, atapata 26 × 26 × 26, yaani 17,576 tu. Makampuni na vyama vya ulimwengu ni vingi kuliko idadi hiyo. Hapana budi baadhi yao wagongane.

Je, herufi zaweza kuwa mali ya mtu? Herufi zenyewe haziwezi. Kinacholindwa na sheria ya alama za biashara ni uhusiano uliojengeka akilini mwa mnunuzi baina ya alama na chimbuko la bidhaa au huduma. Ndiyo maana alama husajiliwa kwa aina maalumu za biashara. Kwa Mapatano ya Nice ya mwaka 1957, aina hizo leo ni 45: za bidhaa 34, za huduma 11. Aghalabu mwuza saruji na mtengenezaji wa sabuni waweza kutumia herufi zile zile pasipo kudhuriana, ingawa alama mashuhuri sana hupewa ulinzi mpana zaidi katika nchi nyingi.

Kisa cha herufi WWF chafaa kutazamwa. Mwaka 1961 ulianzishwa huko Uswisi mfuko wa kuhifadhi wanyamapori, World Wildlife Fund, ambao nembo yake ni panda. Mwaka 1979 kampuni ya maonyesho ya mieleka nchini Marekani ikajiita World Wrestling Federation. Televisheni ilipoyaeneza maonyesho hayo ng'ambo, mgongano ukadhihirika. Mwaka 1994 pande mbili zilitia sahihi mkataba uliobana matumizi ya herufi hizo kwa upande wa kampuni, hasa nje ya Marekani.

Hata hivyo, mwaka 1997 kampuni ilifungua anwani ya intaneti yenye herufi hizo. Mfuko ukashitaki mjini London, ukashinda katika Mahakama Kuu mwaka 2001, na tena katika rufani mwaka 2002. Yafaa ikumbukwe kwamba hukumu haikusimama juu ya swali la iwapo watazamaji wangemdhania panda kuwa mwanamieleka. Ilisimama juu ya mkataba uliovunjwa.

Mwezi Mei 2002 kampuni ikawa WWE. Ilibadilika herufi moja tu. Lakini kwa miaka kadhaa baadaye, filamu za mapambano ya zamani zilipoonyeshwa tena, nembo ya kale ilibidi ifichwe.