Mtoto akichelewa, mume naye apimwe: Hadubini inavyochunguza mbegu za kiume

Katika vijiji vyetu vingi, Kililana ikiwemo, ndoa ikipita miaka miwili bila mtoto, lawama humwangukia mke. Yeye ndiye anayezungushwa zahanati na kwa waganga. Wakati mwingine huachwa, au huletewa mke mwenza, na mume hajapimwa hata mara moja.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hupata tatizo la uzazi wakati fulani maishani. Wanandoa huhesabiwa kuwa na tatizo hilo wakikutana kwa kawaida, bila kutumia njia ya kupanga uzazi, kwa miezi 12 na mimba isishike. Katika karibu nusu ya ndoa hizo, mwanamume anachangia, peke yake au pamoja na mkewe.

Nguvu za kiume si sawa na uzazi

Wengi huchanganya mambo haya mawili. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zake zote, na bado mbegu zake zikawa chache, zikakosa mwendo au zikawa na kasoro ya maumbile. Kutazama manii kwa macho hakutoshi kulijua hilo. Kunahitajika hadubini, chombo kilekile ambacho Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alikitumia mwaka 1677 kuziona mbegu hizo na kuziandikia taarifa.

Mbegu moja ni ndogo mno: vichwa 200 vikipangwa mstari mmoja havipiti milimita moja. Ina sehemu tatu. Kichwa chenye umbo la yai kimebeba urithi wa baba, na juu yake kuna kofia yenye kemikali za kuipenya ngozi ya yai la mke. Kipande cha kati ndicho mashine ya boti, maana huko ndiko nguvu inakotengenezwa. Mkia ndio unaosukuma.

Kasoro inaweza kuwa popote. Kichwa huweza kuwa kikubwa kupita kiasi, chembamba, au mbegu ikawa na vichwa viwili. Shingo huweza kupinda. Mkia huweza kuwa mfupi, kujikunja au kukosekana. Kuna hali adimu ambapo vichwa vyote ni mviringo kama mpira na havina kofia, hivyo mbegu haziwezi kuingia kwenye yai zenyewe.

Maabara hufanya nini?

Mtaalamu huanza kwa kupima wingi wa manii, idadi ya mbegu na mwendo wake. Kisha hupaka tone jembamba kwenye kioo, hulikausha, hulitia rangi na kulitazama likiwa limekuzwa mara 1,000. Huchunguza mbegu zisizopungua 200, moja baada ya nyingine, na kuandika ngapi zina umbo la kawaida.

Hapa ndipo wengi hushtuka wakipokea karatasi ya majibu. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini cha umbo la kawaida kuwa asilimia 4. Maana yake, mwanamume ambaye mbegu 96 kati ya 100 zina kasoro fulani bado yumo ndani ya kiwango. Vigezo ni vikali, na hata wanaume wenye watoto huwa na mbegu nyingi zisizo kamilifu. Kwa idadi, kiwango cha chini ni milioni 16 kwa kila mililita. Kwa mbegu zinazosonga mbele, asilimia 30. Aliye chini kidogo ya viwango hivi hajahukumiwa kuwa mgumba. Uwezekano wa mimba umepungua, haujafungwa.

Kwa kesi chache, hospitali kubwa na watafiti hutumia hadubini ya elektroni, inayoonyesha hata vijirija vya ndani ya mkia: jozi tisa zikizunguka viwili vya katikati. Mwaka 1976, mtafiti Björn Afzelius wa Sweden alieleza wanaume ambao mikia ya mbegu zao ilikosa vijimkono vya kuisukuma. Walikuwa pia na maradhi ya kifua yasiyokwisha, kwa kuwa vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa vimeumbwa vivyo hivyo. Kwa hiyo daktari akikuuliza habari za kikohozi ukiwa umefuata uzazi, usishangae.

Yapo yanayotibika

Miongoni mwa yanayoharibu mbegu ni kuvimba kwa mishipa ya damu ya korodani, homa kali, joto jingi la kazini, sigara, na maradhi ya zinaa yasiyotibiwa. Sindano za homoni za kutunisha misuli zinaweza kusimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu. Mkulima anayenyunyizia dawa shambani avae glavu na barakoa: mwaka 1977 huko California, wafanyakazi wa kiwanda cha dawa ya kuua minyoo ya udongo iitwayo DBCP waligunduliwa kupoteza uzazi.

Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kukomaa. Kwa hiyo jibu baya hurudiwa kupimwa kabla ya uamuzi wowote, na tiba au mabadiliko ya mwenendo hupewa muda huo kabla ya kuonyesha matokeo. Pale tiba isipotosha, tangu mwaka 1992 madaktari wameweza kuchagua mbegu moja chini ya hadubini na kuiingiza ndani ya yai. Hata hivyo, gharama yake ni kubwa.

Mkazi afanye nini?

Nendeni wote wawili kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kama mke amepita miaka 35, msingoje mwaka. Miezi sita inatosha. Mtaelekezwa kwenye maabara inayofanya kipimo hiki, iwe kisiwani Lamu au Mombasa.

Mwanamume ajizuie siku mbili hadi saba kabla ya kipimo. Sampuli inapaswa kufika maabara ndani ya saa moja. Kutoka Kililana, bodaboda hadi gati la Mokowe, kungoja boti na kuvuka vinaweza kuimaliza saa hiyo. Kwa hiyo usiibebe kutoka nyumbani. Omba chumba cha faragha palepale maabara. Usitumie kondomu ya kawaida kuikusanyia, kwani huua mbegu. Zipo maalumu kwa kazi hiyo. Mwenye swali la kidini kuhusu namna ya kutoa sampuli amuulize mapema mwanachuoni anayemwamini, na amweleze mhudumu.

Majibu ni siri yako. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda habari za mgonjwa, hata pale mhudumu ni jirani yako. Kabla mtu hajamrudisha binti wa watu kwao, naye akapimwe.